Mungu Hajawa Bubu

Akiru wangu,

Salamu tulishapeana asubuhi ukinimiminia maji ya kunawa, kwa hiyo sianzi na salamu. Naanza na hasira, maana ndiyo niliyo nayo leo, na mama yako hajawahi kupakua kisichokuwa chunguni.

Umekwenda kambini kwa wakimbizi kuwaaga wenzako. Nimefunga kibanda mapema, wateja wa chai wakanywe kwingine. Nimekaa kitandani kwako karibu na begi lako, jua bado kali, na naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapiga kelele, na nyumba hii tangu juzi imejaa wageni wenye masikio marefu. Barua hii utaisoma ndani ya basi kesho, kabla hamjafika Lodwar. Si baada ya Lodwar. Kabla.

Sitakuambia habari za maji ya kuchemsha wala za kuficha pesa kwenye soksi. Umelelewa Kakuma. Aliyelelewa hapa, Zambia haitamshinda.

Nilikuambia baba yako mkubwa Lomuria anaumwa mgongo, ndiyo maana hawezi kuja kukubariki. Mwanangu, Lomuria haumwi. Mgongo wake ni mzima kuliko wangu. Hakuja kwa sababu amekataa, na amekataa kwa sababu ya Mungu wetu.

Unajua desturi yetu Waturkana. Mtoto hatoki kwenda nchi ya mbali kama mbuzi aliyekatika kamba. Baba yake humchinjia, humpaka kifuani yale majani ya tumboni mwa mbuzi, humpulizia maji ya baraka kwa kinywa chake, kisha humwombea kwa Akuj, Mungu wa mababu, huku ndugu wakiitikia. Baba akiwa amefariki, kazi hiyo ni ya kaka yake. Mama haruhusiwi, maana mimi nimetoka ukoo mwingine. Jumapili viongozi wa kanisa letu walikuwekea mikono kichwani na kukutenga kwa kazi ya umisionari huko Zambia, na nililia kwa furaha, uliniona. Lakini nyumba ya baba yako ni nyumba ya baba yako. Sijaona popote Mungu alipomkataza mtu kubarikiwa na wazee wake.

Basi nikamchukua yule beberu mweupe, uliyedhani nimemuuza, nikampeleka Lodwar mwenyewe. Lomuria alinipokea vizuri. Chai ikaja, ya maziwa, na sukari ya kutosha. Akamtazama mbuzi, akamshika mgongo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akakohoa kile kikohozi chake cha kikao.

"Mama Akiru, mbuzi ni mzuri. Lakini mimi siku hizi niko na kiti kanisani, mbele kabisa. Pastor ataniuliza, wewe mzee unabariki mtu anaenda kuhubiri Mungu gani?"

"Mungu aliyekuumba wewe, shemeji."

"Hapana. Nyinyi mko na Mungu ingine, ya nyama na mifupa. Na nabii yenu huko Amerika. Sikia. Akiru akuje Jumapili, asimame mbele ya watu, aseme maneno kidogo tu. Aseme, hiyo Mungu ya Mormoni nimewacha. Mimi nitamchinjia hata ng'ombe! Akifika huko Zambia afanye vile anataka. Nani atajua?"

Nani atajua! Mzee wa kanisa, mwenye kiti cha mbele kabisa, ananifundishia mtoto aseme uongo madhabahuni ili apate baraka, halafu mimi ndiye nisiyemjua Mungu. Damu ilinipanda mpaka nikaona vikombe viwili viwili.

Nikamwambia, "Akiru hatakuja."

"Si ungemuuliza kwanza?"

"Simuulizi."

Nikasimama, nikachukua leso yangu, nikatoka bila kuaga. Na kwa hasira hizo nikamsahau mbuzi. Mpaka leo yuko kwake, anakula majani ya Lodwar. Kila nikimkumbuka naona uchungu upya.

Lakini nikuambie kitu ambacho hujawahi kukisikia. Maneno haya yote yaliyotuzunguka hapa mjini, chanzo chake kimoja ni mdomo wangu.

Tulipobatizwa huko Kitale, baba yako akiwa dereva wa lori la mahindi, wewe ulikuwa bado unanyonya kidole. Tukarudi nyumbani. Wanawake bombani wakaniuliza, kanisa lenu hilo jipya lina nini ambacho letu halina? Nikasema, sisi tunaamini Mungu bado anasema na watu wake kwa nabii, nabii aliye hai leo. Wakanikodolea macho. Nikaona hawajaelewa, nikatafuta mfano wa karibu, yule mwaguzi wetu anayeoteshwa na Akuj. Nikasema, ni kama emuron, ila huyu...

Hiyo "ila" haikupata wa kuisikiliza. Madumu yakabebwa yakiwa nusu, wakaondoka. Jioni Kakuma nzima ilikuwa inajua kwamba Wamormoni wana mganga wao anayeota ndoto, kwamba tunachinja usiku, na kwamba baba yako ndiye mkubwa wa uchawi huo. Baba yako, aliyekuwa akiogopa hata kuchinja kuku!

Hapo nilijifunza kwamba ukimpa mtu mfano, anaweza kuondoka na mfano na kukuachia lile jambo ulilotaka kumwambia. Ningeanza na Musa, pengine tungekunywa chai pamoja siku ile. Wewe huko uendako anza na Musa.

Ila hata leo, mfano ule sioni aibu nao. Mimi sisemi emuron ni nabii. Nasema hivi: mababu zetu hawakuwa na Maandiko wala shule, lakini hakuna aliyewahi kuwadanganya kwamba Akuj ni bubu. Walijua anaweza kumwonyesha mtu usingizini mvua iko wapi, na adui anatokea upande gani. Wakaja wahubiri wa kwanza wakasema, acheni hayo, Mungu wa kweli husema kwa manabii: Musa, Eliya, Isaya. Tukasema sawa. Tukauliza, na leo nabii ni nani? Wakasema, ah, hiyo imekwisha. Imekwisha! Kama mgao wa chakula kambini: waliokuja mwanzo wamepata, nyinyi mliofika nyuma rudini nyumbani na magunia yenu matupu.

Mungu gani huyo anayewapenda Waisraeli wa zamani kuliko watoto wangu?

Na uone maajabu. Haohao wanaosema manabii wameisha, nguzo za stima za Lodwar wamezijaza karatasi: Nabii fulani anakuja, mleteni kiwete, mleteni tasa. Mwaka jana mafuta yalipopatikana kule kusini, manabii wote walikuwa wameshaoteshwa, ila hakuna aliyetuambia kabla mashine hazijachimba. Kabla ya uchaguzi mwaka huu wakaota tena, huyu akaota yule atashinda, yule akaota huyu. Hakuna aliyewaita wapagani. Wetu sisi ni mzee anayewaambia watu wasali, wasome Maandiko, waache pombe, wasiwapige wake zao. Huyo ndiye hatari! Huyo ndiye wanaomwekea vipaza sauti sokoni!

Nimevuta pumzi. Naendelea.

Habari ya mwili wa Mungu nayo. Unamkumbuka yule pastor wa Lomuria alipokuja na gari la vipaza sauti hapa sokoni, akipiga kelele kwamba sisi tunaabudu mtu? Nilikuwa nakaanga mandazi, nikayaunguza yote. Jirani yangu Mama Achol, yule Msudani anayeuza samaki wakavu, alingoja gari lipite. Halafu akaniuliza polepole.

"Mama Akiru, mimi nauliza tu, usikasirike. Hii Mungu yenu, ni kweli iko na mikono?"

"Iko."

"Mikono ya kushika?"

"Ya kushika."

Akageuza samaki wake wote, upande huu na upande huu. Mwishowe akasema, "Wakati ya vita, mimi na watoto kwa njia, nilikuwa naomba, Mungu nibebee huyu mdogo, nimechoka. Mimi sikujua kama ni makosa kufikiri yeye iko na mkono."

"Si makosa, Mama Achol."

"Sawa. Lakini kwa kanisa yako sitakuja. Nyimbo yenu inaenda polepole sana, mtu atalala."

Tulicheka mpaka wateja wakashangaa. Mwanangu, huyo ni Mkristo wa kanisa jingine, haamini ninayoyaamini, na siku ile hakunivunjia heshima hata kwa neno moja. Kwa hiyo usije ukadhani nawachukia wote. Nawakasirikia wale wasiouliza.

Maana wangeuliza, ningewaambia. Yesu alipofufuka alikuwa na mwili. Aliwaonyesha makovu, akala samaki mbele yao wapate kuamini. Akapaa na mwili huo. Je, aliuvua njiani kama koti? Alipobatizwa, yeye yuko majini, sauti ya Baba inatoka juu. Kama ni yeye yuleyule, alikuwa anajisifu mwenyewe? Stefano alipopigwa mawe aliona wawili, mmoja kasimama kuume kwa mwingine. Mimi mwanamke wa kibanda cha chai nikisema ni wawili, Baba na Mwana, wenye nia moja, naambiwa nimeleta mungu mgeni. Wao wana maelezo yao ya Utatu, nimeyasikia, na sijawahi kumwita mtu mpagani kwa ajili yake. Siombi wakubaliane nami. Naomba nami nisiitwe mpagani, hiyo haki tu.

Na wakisema eti tunataka kuwa miungu, waulize, mtoto wa ngamia akikua anakuwa mbuzi? Sisi tumesema ni watoto wa Baba yetu, na mtoto hukua kuelekea kwa mzazi wake. Hatukusema tutamng'oa kitini. Wakikutajia wake wengi wa nabii wetu wa kwanza, hilo Lomuria alinitajia mimi kwa uso mkavu kabisa, na nyumba ya baba yake ilikuwa na wake watano. Nilimwuliza yeye ni wa mke wa ngapi. Akabadilisha mazungumzo.

Haya, nimecheka. Lakini kuna siku walinipiga penye kidonda, na sitaki uende bila kulijua hili.

Mwalimu mmoja alikuja kunywa chai, mtu mstaarabu, si wa kelele. Akasema, mama, unajua kanisa lako kwa miaka mingi lilikuwa linawanyima watu weusi ukuhani? Nilicheka nikadhani ni porojo. Jioni nikamwuliza baba yako. Hakucheka. Alikuwa anajua. Alikuwa ameambiwa Kitale kabla hajabatizwa, akaliweka moyoni, hakuniambia.

Nilimkasirikia, Akiru, kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nikamwuliza, hao manabii wako wanaosikia sauti ya Mungu, hilo hawakulisikia? Akasema, "Nabii ni mtu. Musa mwenyewe aliua Mmisri." Nikamjibu, "Musa hakumwua Mturkana!" Hakupata chai siku ile, wala kesho yake.

Sikupata jibu la kunituliza, na mpaka leo sina. Nilikaa nalo. Nikaendelea kwenda kanisani nikiwa nimenuna, naimba nimenuna, nasali nimenuna, na Baba wa Mbinguni hakunifukuza. Watakuuliza huko. Usijifanye hujui, usitunge maelezo matamu. Sema ni kweli, lilikuwapo, likaondolewa kabla hujazaliwa, na bado lina moto moyoni mwa mama yako, naye bado ni muumini. Hayo mawili yanakaa nyumba moja. Yanagombana, lakini yanakaa.

Sasa nirudi kwa Lomuria, maana yeye ndiye ananichoma.

Wewe ulikuwa shule mwaka ule alipougua akiwa hapa kwetu. Homa, tumbo limevimba, hatambui mchana wala usiku. Dawa alikuwa ameshaanza kumeza, sitasema uongo kwamba mafuta yetu ya kuombea wagonjwa peke yake ndiyo yalimponya. Lakini hakuna aliyemshauri. Ni yeye mwenyewe aliyemwita baba yako, "Ekai, leta yale mafuta yenu." Baba yako akamtuma mtu kambini kumwita Ndugu Bahati, yule Mkongo mfupi wa kanisa letu. Wakampaka mafuta kichwani, wakamwekea mikono. Bahati akaomba kwa Kiswahili chao, "Baba, huyu ni mutoto yako, anateseka sana, umuhurumie." Lomuria alilia. Alimshika Bahati mkono, hakutaka kuuachia. Siku ile hakuuliza Mungu ana mifupa au hana. Hakuuliza nabii anakaa Amerika au anakaa huku kwetu Katilu.

Akapona. Alhamdulillahi, kama wasemavyo majirani zetu Wasomali.

Halafu baba yako akafa. Uliona mwenyewe, ulikuwa umesimama kando yangu. Pastor wa Lomuria alifika kaburini, akasema hawezi kuomba juu ya mtu wa dini ya uongo, akarudi kwenye gari. Na Lomuria, kaka yake wa tumbo moja, alitazama viatu vyake. Aliyeomba alikuwa Bahati, mkimbizi, mtu asiye na ukoo hapa. Nilisubiri Lomuria aseme neno moja tu. Bado nasubiri.

Ndiyo hasira yangu hiyo. Kubishana kuhusu Mungu sikuogopi, watu wamebishana tangu zamani. Ninachokataa ni mtu kunywa kisimani kwako kwa kiu, kisha asimame barabarani awaambie wengine maji yale ni sumu.

Lakini nimekaa hapa, nimeitazama sketi yako ndefu uliyoipiga pasi na kuikunja, nikagundua jambo ambalo halinifurahishi. Lomuria aliniambia, si ungemuuliza kwanza? Mwizi wa mbuzi yule, hapo alisema kweli. Nilijibu kwa kinywa chako. Una miaka kumi na tisa. Mwaka jana walipotangaza kwamba wasichana wa umri wako wanaweza kwenda umisionari, hukuniomba ruhusa, ulinipa taarifa. Mtu wa namna hiyo anaweza kujibu mwenyewe kuhusu Mungu wake.

Basi sikia. Msafara wa polisi wanaosindikiza magari usipowachelewesha, basi litafika Lodwar mapema, na abiria watashuka kunywa chai. Nyumba ya baba yako mkubwa iko nyuma ya stendi, mlango wa buluu. Hutakosa, utamwona mbuzi wangu.

Unaweza kubaki kitini, usimtazame kabisa. Sitakulaumu, mimi ndivyo ningefanya. Unaweza kwenda kumwambia yale maneno yake madogo na upate baraka yake. Moyo wangu utauma, lakini utabaki mwanangu, na sitamruhusu mtu akuseme mbele yangu.

Ila ukiniuliza ninachotaka, nitakuambia. Shuka. Piga hodi. Usidai mbuzi, usimtajie mafuta wala kaburi, hayo yaache kwangu. Usibishane naye kuhusu nabii. Mimi nimebishana kwa niaba ya ukoo mzima na bado kiti chake kiko palepale. Msalimie kwa heshima, "Ejoka, baba." Piga magoti uinamishe kichwa kama mtoto wa Ekai, umwambie, naondoka. Kisha nyamaza. Akikupulizia maji ya baraka, pokea, hata kama anaangalia nje kama kuna mtu anamwona. Akikuuliza ni Mungu gani anakutuma, mwambie ukweli wote, bila kupunguza hata mfupa mmoja.

Watu wa Zambia hawakujui, na utakwenda kubisha milango yao mvua na jua. Sitaki ubishe ya wageni na huu ukaupita. Mlango wako wa kwanza uwe huo wa buluu.

Na akikufungia usoni, mwanangu, usilie pale nje. Futa vumbi kwenye magoti, urudi kwenye basi. Utakuwa umeshaanza kazi.

Mama yako